Waraka wa Sheikh Ahmad na "njama ya Waislamu" ya mwaka 1908

 

Ni vigumu kumpata imamu wa Nyanda za Juu Kusini, awe Iringa mjini, Mafinga, Tukuyu au Mbeya, ambaye hajawahi kuletewa waraka unaoitwa Wasia wa Sheikh Ahmad. Maneno yake hubadilika kidogo kila unapozuka, lakini kiini ni kile kile. Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, alipitiwa na usingizi usiku wa Ijumaa baada ya kusoma Qur'ani, akamwona Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba umma umezama katika maasi, kwamba wanaokufa hawafi juu ya Uislamu, na kwamba Kiyama kimekaribia. Anayeunakili na kuusambaza atapata riziki na kulipiwa deni. Anayeupuuza atapatwa na msiba, na hapo huongezwa habari ya mtu wa mji fulani aliyeuchana akafiwa na mwanawe. Zamani ulinakiliwa kwa mkono, baadaye ukapigwa fotokopi na kuachwa kwenye madirisha ya msikiti, na leo unaingia kwenye simu.

Hukumu ya waraka huu wanazuoni wameshaieleza, nasi tutaigusa mbele. Lakini upo upande wake wa historia ambao wengi wetu hatuujui. Karatasi hii hii, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, iliwafanya watawala wa Kijerumani wa nchi yetu waamini kwamba ipo jumuiya ya siri ya Waislamu, yenye vichwa Zanzibar na Makka na miguu katika kila boma la bara, inayosubiri siku ya kuwaua Wazungu wote.

Katikati ya mwaka 1908 nakala za waraka zilionekana Lindi. Muda si mrefu zikaripotiwa sehemu nyingine za pwani na bara, hadi Tabora. Wajerumani waliuita "barua ya Makka", ingawa mwenyewe Sheikh Ahmad anatajwa kuwa mtu wa Madina. Kosa hilo dogo peke yake linaonyesha jinsi walivyousoma kwa makini! Watu waliohojiwa walieleza kwamba ni mawaidha ya toba. Maofisa wao waliona amri ya vita iliyofichwa ndani ya maneno ya dini. Ndipo wakaanza kutafuta mkono uliouandika, na haraka wakaupata walikotaka kuupata: kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, ambaye zamani alikuwa mfanyabiashara mwenye nguvu Ujiji kabla ya kushindwa na Wabelgiji katika vita vya miaka ya 1890, na ambaye sasa alikuwa Zanzibar. Alikuwa na asili na jamaa Lindi, alikuwa na chuki na Wazungu waliomfilisi, basi ikatosha. Wako wanahistoria wa baadaye walioikubali rai hiyo ya maofisa. Inawezekana kweli mtu wa ukoo ule aliupitisha waraka, kama walivyoupitisha maelfu wengine kabla yake na baada yake. Lakini kupitisha waraka wa toba ni jambo moja, na kuongoza jeshi la siri ni jambo jingine.

Ili kuwatendea haki hata wapinzani wetu, tukumbuke walikuwa wametoka wapi. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi Julai 1905 na havikuzimwa kabisa hadi 1907. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala, huanzia 75,000 hadi 300,000. Serikali ya Dar es Salaam ilishtukizwa. Wenyewe hawakuona dalili, na mtawala aliyeshtukizwa mara moja huanza kuona dalili kila mahali. Wamishenari wa Berlin walishambuliwa katika kituo chao cha Yakobi, Ubena, Septemba 1905. Huko Songea wakuu wa Wangoni walinyongwa kwa makumi mwezi Februari 1906, na baada ya hapo Uislamu ukaanza kuenea Ungoni kwa kasi ambayo haikuwapo kabla ya vita. Kwa mtu mwenye hofu, mambo haya mawili yaliungana: wameshindwa kwa maji, sasa watakuja kwa msahafu.

Ukweli wa vita wenyewe ulikuwa kinyume. Maji ya Kinjikitile hayakutoka msikitini. Askari waliotumwa kuzima vita, kwa sehemu kubwa, walikuwa Waislamu, Wasudani na watu wa pwani. Katika Ungoni, Rashid bin Masud, mfanyabiashara Mwarabu wa Kikole, alisimama upande wa Wajerumani na kuwapa watu wake wapigane. Hatusemi hivi kwa kujisifu, maana damu iliyomwagwa pale ilikuwa ya wenyeji waliokuwa wakidai haki yao. Tunasema tu kwamba mtu aliyekuwa anatafuta ushahidi wa njama ya Kiislamu alipaswa kwanza kuuruka ushahidi huu uliokuwa mbele ya macho yake.

Sasa tazama Nyanda za Juu zilivyokuwa mwaka ule. Mkwawa alikuwa amefariki miaka kumi nyuma, Julai 1898. Boma jipya la Iringa lilijengwa 1896. Mji wa Mbeya haukuwapo, kwani ulikuja kuinuka miaka ya 1920 na 1930 pamoja na dhahabu ya Lupa, na makao ya serikali upande ule yalikuwa Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Wamoravia walikuwa Rungwe tangu 1891, na Wamishenari wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo kisha wakasambaa Ubena na Uhehe. Wabenediktini walikuwa Tosamaganga. Na Waislamu? Walikuwa askari wa boma na wake zao, karani mmoja au wawili, mkalimani, wachukuzi wa misafara waliochoka wakabaki, na wachuuzi wa nguo na chumvi. Waliswali pamoja jioni, walifunga Ramadhani, walizikana. Kijana wa Kihehe aliyekwenda kutafuta kazi bomani aliona kwamba watu wenye kanzu ndio wenye mishahara, akaiga mavazi, kisha chakula, kisha swala. Hivyo ndivyo dini ilivyoingia mahali pengi pa bara, bila mhubiri aliyetumwa na mtu.

Lakini kwa mmishenari aliyekaa kilimani, karani yule, askari yule na mchuuzi yule hawakuwa watu watatu. Walikuwa mtandao. Salamu yao moja, chinjo lao moja, na zikiri waliyoipiga usiku vilikuwa alama za chama. Twariqa ya Kadiria, ambayo wakati huo ilikuwa inaenea chini ya mashekhe kama Sheikh Yahya bin Abdallah wa Bagamoyo, anayejulikana kama Sheikh Ramiya, ilisomwa kwa jicho hilo hilo: kuna khalifa, kuna muridi, kuna ijaza, kuna utii, basi ni jeshi. Nani atakataa kwamba mpangilio wa twariqa una ngazi? Hata shirika la watawa lina ngazi. Wabenediktini wa Tosamaganga walikuwa na nadhiri ya utii iliyo kali kuliko ya muridi yeyote wa Bagamoyo, na hakuna mkuu wa wilaya aliyewaandikia Berlin kwamba ni njama.

Fikra hii ilipanda hadi juu. Kongamano la Kikoloni lililofanyika Berlin mwaka 1910 lilipitisha azimio kwamba kuenea kwa Uislamu ni hatari kwa maendeleo ya makoloni na kwamba jambo hilo lichunguzwe kwa uangalifu. Kasisi Martin Klamroth wa misheni ya Berlin alichapisha kitabu juu ya Uislamu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1912. Kinafaa kusomwa hata leo, kwa sababu ndani yake mna mambo aliyoyaona kwa macho yake yaliyo ya kweli, yamechanganywa na hofu isiyo na msingi, na msomaji anajifunza jinsi vitu hivyo viwili vinavyoweza kukaa katika sentensi moja.

Aliyeleta kipimo alikuwa mtu ambaye hakuwa rafiki wa Uislamu wala hakuja Iringa. Carl Heinrich Becker, mwalimu wa Chuo cha Kikoloni cha Hamburg, aliyashughulikia maandishi yaliyokamatwa huku na mwaka 1911 akayachapisha katika jarida lake. Alifanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa hadithi angetakiwa kulifanya siku ya kwanza: aliutafutia waraka ndugu zake. Akawapata. Mwanachuoni wa Kidachi, Snouck Hurgronje, alikuwa ameshaandika makala nzima juu ya wasia huo huo mwaka 1884, kutokana na nakala zilizozunguka Indonesia mnamo 1880. Sheikh Ahmad yule yule, ndoto ile ile, vitisho vile vile. Nakala za namna hiyo zilionekana pia Togo. Waraka uliokuwa ukizunguka visiwa vya Indonesia miaka 28 kabla ya kufika Lindi hauwezi kuwa umetungwa na Rumaliza kwa ajili ya kuwaondoa Wajerumani. Hapo kesi ilipaswa kufungwa.

Haikufungwa, kwa sababu nadharia ya njama haiishi kwa ushahidi. Ukiukosesha waraka, itasema waraka ulikuwa ishara tu. Ukionyesha kwamba hakuna aliyeasi, itasema wanangoja wakati. Mwaka 1913 Gavana Heinrich Schnee aliwapelekea wakuu wa vituo maswali juu ya nguvu ya Uislamu na njia za kuuzuia, na miongoni mwa yaliyoulizwa ni kama kuhimiza ufugaji wa nguruwe kungesaidia. Msomaji asidhani tunatia chumvi. Waraka huo ulikuja kunaswa wakati wa vita na Waingereza wakautumia kuwaonyesha Waislamu nani adui yao.

Kisha ikaja kejeli kubwa ya historia. Novemba 1914 Sultani wa Uthmaniya, mshirika wa Ujerumani, alitangaza jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Serikali ile ile iliyokesha miaka sita ikiogopa wito wa vita kutoka kwa Khalifa sasa iliutangaza yenyewe katika koloni lake, ikitumaini Waislamu wa upande wa Waingereza watageuka. Kama ile jumuiya ya siri ingekuwapo, siku yake ilikuwa imefika, tena kwa ruhusa ya gavana. Nini kilitokea? Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka kutoka Nyasaland, likachukua Neu Langenburg mwezi Mei na Iringa mwezi Agosti. Waislamu walikuwamo katika jeshi lake, Wayao hasa, na Waislamu walikuwamo katika jeshi la Wajerumani lililokuwa likirudi nyuma. Walipigana wao kwa wao juu ya milima hii kwa mishahara ya mabwana wawili. Tusilionee fahari, lakini ndilo lililotokea, na linatosha kuizika hadithi ya mwaka 1908.

Msomaji anaweza kuuliza: je, hakuna njama duniani? Zipo, na Qur'ani yenyewe inatusimulia za ndugu zake Nabii Yusuf (a.s.) na za waliokula kiapo usiku wamuue Nabii Saleh (a.s.). Mkoa wa Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulipatwa na mauaji ya kweli ya watu waliochunwa ngozi, na waliosema "ni uvumi tu" walikosea. Upande wa pili, tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi (ambacho kiko mkoa wa Dodoma, jina lisimchanganye mtu), watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na kuchomwa moto na wanakijiji walioaminishwa kwamba ni wanyonya damu. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Basi kipimo hakiwezi kuwa "njama zipo" wala "njama hazipo". Kipimo ni habari yenyewe: nani kaisema, kaipata wapi, na ipo njia ya kuihakiki?

Tuchukue mfano wa mbali kidogo, wa Wagiriki, watu ambao wazee wa Iringa wanawakumbuka kwa mashamba ya tumbaku. Wagiriki wanayo jumuiya ya siri ya kweli katika historia yao na wanayo ya kubuni. Ya kweli ni Filiki Eteria, iliyoanzishwa na wafanyabiashara katika mji wa Odessa mwaka 1814 ili kuuondoa utawala wa Uthmaniya. Ilikuwa na viapo, ngazi na majina ya kificho. Waanzilishi wake wanajulikana kwa majina, barua zao zimebaki, na vita walivyovitaka vilizuka 1821. Ya kubuni inaitwa Kundi la Epsilon, kwa herufi E ya Kigiriki. Mwaka 1977 mwandishi Georgios Lefkofrydis alitoa kitabu kilichodai kwamba ndani ya Organon, vitabu vya mantiki vya Aristotle, imefichwa habari ya chombo cha angani. Wanafunzi wetu waliosoma Isaghuji wanajua vilivyomo katika elimu ile: jinsi, fasili, natija. Hakuna chombo! Lakini waandishi wengine walijenga juu yake, wakasema wapo Wagiriki wateule, wenye elimu na silaha kuliko mataifa yote, wanaolilinda taifa kwa siri na kupigana vita visivyoonekana na Mayahudi. Wazalendo wenye uchungu walilipenda jambo hili, maana linamwambia mtu kwamba unyonge wa nchi yake ni pazia tu, na nyuma yake kuna ushindi. Hakuna hata mmoja wa wateule hao aliyewahi kuthibitishwa. Kwa istilahi ya watu wa hadithi, Filiki Eteria ina wapokezi wanaoweza kujeruhiwa au kuaminiwa, na Epsilon ina wapokezi majhuli tangu mwanzo hadi mwisho.

Na Waislamu tusijione tuko nje. Uvumi wa Wamasoni uliotapakaa mijini kwetu, hadi Mwanjelwa na Soweto ya Mbeya, kwamba kila aliyetajirika ghafla amejiandikisha, unakwenda kwa mwendo ule ule. Ndani yake mna kumtuhumu Muislamu mwenzio na jirani yako bila ya shahidi, na Surat al-Hujurat imekataza dhana ya namna hiyo katika aya ya 12, baada ya kuamrisha katika aya ya 6 kuhakiki habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Muslim mwanzoni mwa Sahihi yake, amehesabu kuwa inamtosha mtu uongo kusimulia kila alichokisikia. Angalia vizuri: hajashurutisha kwamba awe amekizua yeye.

Suala la fiqhi linalowasumbua maimamu wetu ni ile ndoto. Mletaji waraka hujitetea kwa hadithi sahihi kwamba anayemwona Mtume (s.a.w.) usingizini amemwona kweli, kwani shetani hawezi kujifananisha naye. Hadithi ni sahihi. Jibu amelitoa Imamu Nawawi katika sherehe ya Sahihi Muslim: kuona ni kweli, lakini hukumu haithibiti kwa alichosikia mlalaji, kwa sababu sharti la mpokezi ni awe macho, mwenye kudhibiti, na aliyelala hana sifa hiyo. Na katika al-Majmu' akalitolea mfano ambao sisi wa Afrika Mashariki, kwa ugomvi wetu wa mwezi, ingefaa tuusome kila Shaaban: mtu akimwona Mtume (s.a.w.) usiku wa thelathini ya Shaaban akimwambia kesho ni Ramadhani, haisihi kufunga kwa ndoto ile, si yeye wala mwingine. Ikiwa ndoto haiingizi mwezi, itawezaje kumfilisi asiyepiga fotokopi?

Kwa hiyo imamu aliyeletewa waraka hana haja ya kumwita Sheikh Ahmad mwongo. Anatosha kusema kwamba hakuna sanadi, kwamba malipo na adhabu za ghaibu hazithibitishwi ila kwa wahyi, na kwamba dini imeshakamilika. Hatari ya kuunyamazia si ndogo. Waraka wa 1908 haukuanzisha vita, lakini uliwapa maadui kisingizio. Waislamu waliounakili kwa kutafuta thawabu waliwafungulia wengine mlango wa kuhojiwa na kushukiwa, kwa jambo ambalo mwanazuoni yeyote wa Lindi angeweza kulikata kwa kuuliza swali moja.

Upo mfano wa aliyeuliza swali katika wakati mgumu zaidi. Mwaka 1821, habari za uasi wa Filiki Eteria zilipofika Istanbul, Sultani Mahmud II alitaka fatwa ya kuhalalisha kuuawa Wagiriki wa dola kwa ujumla. Hapa njama ilikuwa ya kweli na Waislamu walikuwa wanauawa. Sheikhul Islam Halil Efendi alikataa kuitoa, kwa kuwa sharia inamtenga mwenye hatia na asiye na hatia, na dhimma ya asiyeasi haivunjwi na aliyeasi. Alivuliwa cheo na kutolewa mjini, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwezi Aprili Patriaki Gregory V, ambaye alikuwa ameshawalaani waasi, akanyongwa mlangoni mwa makao yake siku ya Pasaka.

Kuhusu Sheikh Ahmad mwenyewe, Rashid Rida aliulizwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika jarida lake al-Manar, akajibu kwamba waraka ni uongo na kwamba ameuona ukijirudia mara nyingi tangu alipojua kusoma na kuandika. Miongo kadhaa baadaye Sheikh Abdul Aziz bin Baz (aliyefariki 1999) alipoandika kuutahadharisha umma, hakuishia kwenye dalili. Aliwatafuta jamaa wa Sheikh Ahmad akawauliza. Walimjibu kwamba maneno hayo amezuliwa, hakuwahi kuyasema, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshafariki siku nyingi.